Video Kumi na Mbili Kabla ya Ijumaa Saa Sita

Muuguzi alitupa habari Jumanne asubuhi, tukiwa bado mlangoni. Mume wangu alikuwa ameshavua kofia tayari kuingia. Nyuma ya muuguzi nilikiona kile chumba kidogo cha mazoezi kikiwa kitupu. Meza haipo, kompyuta haipo, na ukutani kumebaki alama nyeupe pale palipokuwa na kioo.

"Mtaalamu wa matamshi amehamishwa," muuguzi alisema. "Kitengo kimefungwa, mama. Lakini masomo yake yote bado yako kwenye tovuti. Yote kumi na mawili, zile zile video."

"Basi afadhali," nikasema.

"Mpaka Ijumaa saa sita mchana. Baada ya hapo na tovuti yenyewe inazimwa."

Mume wangu ni kinyozi. Kwa miaka ishirini na sita watu walikuja kwake kunyolewa na kusimuliwa, na wengine nadhani walikuja kusimuliwa tu, maana nywele zenyewe zilikuwa hazijaota. Kiharusi kilipompata, mkono ulirudi baada ya miezi mitatu. Mashine ya kunyolea anaishika vizuri kabisa. Mdomo ndio haukurudi. Anasema "eee", anasema "maji", anasema jina la binti yetu nusu. Kiti chake dukani kimefunikwa shuka, na kila nikimwambia aende akajaribu, anagusa midomo yake kwa kidole halafu anatikisa kichwa. Haendi mpaka aongee. Mtaalamu alituambia waziwazi kwamba mwaka huu wa kwanza ndio wa kupigania, kila siku bila kuruka, na mume wangu alikuwa amefika somo la tisa.

"Tunaruhusiwa kuzichukua?" nilimuuliza muuguzi. "Sitaki kuchukua kitu cha mtu."

Muuguzi akapiga simu pale pale. Sauti ya mtaalamu niliisikia mpaka nilipokuwa nimesimama. "Wazichukue! Nilizirekodi zikae kwa watu, siyo zikae kabatini. Na mwambie mzee asiruke mazoezi ya ulimi."

Mume wangu aliisikia ile sauti akatoa ulimi nje kama mtoto. Muuguzi alicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa ninahesabu siku.

Nyumbani tuna kompyuta aliyotuachia binti yetu alipoolewa, lakini hatuna intaneti. Chumba chetu kiko nyuma ya ghala la mabati, na mtandao wa simu ukifika pale unakuwa umeshachoka. Ujumbe wa maandishi unapita, video haipiti. Ila mimi nilikuwa mwanafunzi. Kwa miezi minne nilikuwa nafunga cherehani saa kumi na kwenda darasa la jioni la kompyuta katika shule ya msingi, tunakaa kwenye madawati ya watoto magoti yakigonga mbao. Nilianza nikiwa na miaka hamsini na mbili. Wiki ya kwanza nilikiinua kipanya juu nikakielekeza kwenye kioo kama rimoti ya televisheni. Sasa nilikuwa naandika barua, napanga jedwali, na nahifadhi faili. Nilijiambia kwamba labda Mungu ndiye aliyenipeleka kule kwa ajili ya wiki hii, na nilipojiambia hivyo moyo ukatulia kidogo.

Jumatano jioni nilifungua ile tovuti shuleni. Ukurasa ulikuwa na madirisha kumi na mawili, kila moja na uso wa mtaalamu. Nikafanya tulivyofundishwa: nikaenda juu, nikachagua kuhifadhi ukurasa, nikauweka kwenye flashi. Ulichukua sekunde chache tu. Nikashangaa wepesi wake, lakini nani anakataa baraka? Nikafungua ile faili kwenye flashi, nikabofya somo la tisa, na mtaalamu akaanza kusema, "Leo tunafanya herufi K. Fungua mdomo." Nikafungua ya kumi, ikacheza. Nikafungua ya kumi na mbili, ikacheza.

"Mama Cherehani anaangalia sinema," alisema mwenzangu wa dawati la nyuma, dereva mstaafu wa malori ambaye darasa zima tunamwita Breki.

"Naangalia mdomo wa mume wangu," nikamjibu, na nilitoka pale nikimshukuru Mungu njia nzima.

Alhamisi asubuhi, baada ya chai, nilimkalisha mume wangu mbele ya kompyuta yetu na kioo chake cha mkononi. Nikachomeka flashi. Ukurasa ukafunguka vizuri, kichwa cha habari kipo, maandishi yapo. Lakini madirisha yote kumi na mawili yalikuwa ya kijivu. Ndani ya kila moja kulikuwa na maandishi madogo kwamba hakuna mtandao.

Nilibofya la tisa. Nikabofya la kwanza. Nikachomoa flashi, nikaipuliza, nikairudisha. Mume wangu aliniangalia mimi, siyo kompyuta. Kisha akakilaza kioo mezani kifudifudi, polepole, akanyanyuka akaenda kukaa kitandani.

Siku hiyo nilishona suruali ya mteja miguu yote miwili upande mmoja. Nilifumua nikiomba. Sikuomba kwa maneno mazuri. Nilisema tu, Mola wangu, unaona, unaona.

Jioni ile ulikuwa mtihani wa kufunga kozi. Mwalimu wetu ni binti mdogo kuliko kitindamimba wangu, mpole lakini kwenye mtihani hana mchezo. Intaneti ilikuwa imezimwa darasa zima, na hakuna ruhusa ya kuuliza chochote. Nilikaa saa nzima nikijaza jedwali la bidhaa za duka lisilokuwepo, na macho yangu yakikimbilia saa ya ukutani. Nilipomaliza nilikuwa wa kwanza kusimama, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Mwalimu, nisamehe. Nina shida." Nikamweleza. Maneno yalitoka yamefungamana, lakini alielewa kabla sijafika nusu.

"Hapa darasani zilicheza kwa sababu mtandao ulikuwepo," alisema. "Mama, wewe umehifadhi ukurasa. Video hazimo kwenye ukurasa. Ukurasa ni kama ukuta wenye dirisha, na video iko nyumba nyingine kabisa, unaiona tu kupitia hapo. Umebeba dirisha, ukaenda nalo kwako, na kwako nje ya dirisha hakuna kitu."

"Nimebeba dirisha," nikarudia.

"Tena la bure," Breki alisema kutoka nyuma. "Nyumba yangu ina madirisha matatu tu, niuzie mawili."

"Mzee, usimcheke," mwalimu alisema, lakini alikuwa ameshawasha mtandao na kuvuta kiti. "Angalia, mama. Na uandike, maana leo usiku nasafiri. Matokeo nayapeleka makao makuu, na kesho sipo."

Niliandika kwenye daftari kila alichosema. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu. Chagua kuona maandishi yaliyo nyuma ya ukurasa. Usiogope, ni mengi kama mchwa. Tafuta neno la Kiingereza la fremu. Liko mara kumi na mbili. Mbele yake kuna anwani katikati ya alama mbili za kunukuu. Nakili anwani yote, usiache hata nukta. Fungua kichupo kipya, yaani ukurasa mwingine mtupu, ibandike. Video itafunguka peke yake, imejaa kioo, hakuna ukurasa. Hapo sasa bofya kulia juu yake na uihifadhi.

"Na ukitaka kujua kama kweli umeipata," aliongeza, "chomoa waya wa mtandao ndio uicheze. Ikicheza bila waya, ni yako."

Nikapigia mstari hilo la mwisho mara mbili.

Ilikuwa saa kumi na mbili na robo, na mlinzi hufunga geti saa moja kamili. Nilianza na somo la kwanza. Mtandao wa shule ulikuwa mzuri, kila video dakika kumi hivi. La kwanza likaingia. Tukachomoa waya, likacheza, nikapiga makofi. La pili. La tatu. Mwalimu alikuwa akikusanya karatasi zake na kuniangalia kwa pembeni. Lilipoingia la nne, funguo za mlinzi zilikuwa zimeanza kusikika kwenye kibaraza.

"Mama Cherehani," Breki aliuliza, "mzee wetu amefika somo la ngapi?"

"La tisa."

Breki akauliza taratibu, bila utani, "Sasa kwa nini unampelekea la kwanza?"

Mimi ni mtu wa kuanza na moja. Nimejifunza kusoma nikiwa mtu mzima, na kila nilichokipata maishani nimekipata kwa kuanza ukurasa wa kwanza na kwenda mpaka wa mwisho bila kuruka. Haikunijia kabisa kwamba naweza kuanzia tisa.

"Ndugu zangu, mimi nitafika nyumbani kwangu leo au kesho?" mlinzi alisema mlangoni.

"Dakika kumi tu, kaka," mwalimu akamwomba.

"Hata moja. Mkuu wa shule anapita."

Taa zikazimwa. Uani mwalimu alinishika mkono. "Kuna duka la kuchapa na intaneti nyuma ya kituo cha mafuta. Nenda asubuhi mapema. Utaweza."

"Nikikosea nukta?"

"Utarudia. Wewe unajua kurudia kuliko wote darasani."

Breki alisema angekuja kunisaidia, lakini Ijumaa ni siku ya kliniki yake ya macho, na kwa macho yale, alisema mwenyewe, angeninakilia anwani ya mbinguni.

Ijumaa saa mbili kamili nilikuwa mbele ya lile duka. Lilikuwa limefungwa. Ubao ulisema linafunguliwa saa mbili. Saa mbili na nusu nilikuwa bado nimesimama. Saa tatu niliomba mara ya tatu. Saa tatu na nusu alikuja kijana mwenye duka, ana mswaki mfukoni, akanisalimia "shikamoo mama" kwa sauti ya mtu ambaye hajachelewa kitu.

"Marahaba. Kompyuta yenye intaneti, baba, tafadhali. Nina haraka."

"Hapa kwetu mtandao unaenda kwa adabu," alisema. "Video? Pakua moja moja. Ukiziweka nyingi pamoja, zote zitagoma."

Nilikaa kwenye kompyuta ya ukutani. Mikono yangu ilikuwa na jasho mpaka kipanya kikateleza. Nikafungua ukurasa, nikafungua yale maandishi ya nyuma, mengi kama mchwa kweli, nikatafuta neno la fremu. Moja, mbili, tatu, nikahesabu kwa kidole kwenye kioo mpaka la tisa. Nikanakili. Nikabandika. Kioo kikawa cheusi. Nilisubiri, na katikati ya weusi ule uso wa mtaalamu ukatokea peke yake, mkubwa, bila ukurasa. "Leo tunafanya herufi K."

Nilisema "asante Mungu" kwa sauti, na mtu aliyekuwa akitoa kopi za vyeti akageuka.

Somo la tisa lilichukua nusu saa. Saa nne na robo likaisha, nami nikaanzisha la kumi. Halafu nikakumbuka ule mstari niliopigia mara mbili. Ikicheza bila waya, ni yako. Nisingeweza kurudi nyumbani tena na dirisha la kijivu. Nisingeweza kumwona tena akikilaza kile kioo. Nikainama chini ya meza, nikafuata waya wa buluu, nikauchomoa. Nikafungua la tisa. Likacheza! Niliangalia dakika tatu nzima, nikafika mbele, nikafika mwisho, likacheza lote.

"Mama! Umegusa nini hapo chini?"

"Nahakikisha tu, mwanangu. Mwalimu alisema nichomoe."

"Unachomoa mtandao huku unapakua?" Kijana alikuja, akarudisha waya, akanionyesha kioo. Somo la kumi lilikuwa limefika asilimia arobaini na moja. Pembeni yake pameandikwa limeshindikana. "Hapo unaanza upya, mama. Sifuri."

Ilikuwa saa nne na dakika thelathini na tano. Nilitaka kulia, ila kulia kunachukua muda. Nikaanza upya.

Kuanzia hapo sikugusa kitu. Niliweka mikono mapajani kama mtu aliye ibadani, macho kwenye asilimia. Kila namba ilipopanda niliiitikia moyoni. La kumi likaisha saa tano na dakika tano. La kumi na moja likaisha saa tano na dakika arobaini. Nikanakili anwani ya la kumi na mbili, nikabandika, nikaanza. Asilimia tano. Asilimia kumi na mbili. Kijana wa duka alikuwa amehamia pembeni yangu na soda yake.

"Ni ya nini hasa, mama?"

"Mume wangu haongei. Hii inamfundisha."

Akaitazama saa ya simu yake, akaacha kunywa.

Saa sita kamili somo la kumi na mbili lilikuwa asilimia hamsini na nane. Saa sita na dakika mbili nilirudi kwenye kile kichupo cha ukurasa nikaufungua upya, kwa hofu tu, kama mtu anayegusa jino linalouma. Ukurasa haukuwepo. Kioo cheupe, mstari mmoja: anwani hii haipatikani.

"Imekwisha," nikasema.

"Subiri." Kijana aliinama. "Mbona hii inaenda?"

Chini ya kioo, asilimia sitini na moja. Sitini na mbili. Nilimsikia mwalimu akisema video iko nyumba nyingine kabisa. Walikuwa wamebomoa ukuta na dirisha lake. Ile nyumba nyingine hakuna aliyekuwa ameifikia bado. Nilizihesabu moja moja mpaka themanini. Mteja akaja kutaka kutoa kopi, akaambiwa, "Subiri kidogo kaka, tuko njiani." Saa sita na robo na dakika mbili, ikafika mia.

"Sasa chomoa waya wako," kijana alisema. "Chomoa mpaka uridhike."

Nikachomoa. Ikacheza.

Ilikuwa baada ya hapo, nikiwa nafunga daftari, ndipo nilipoona. Anwani ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja na ya kumi na mbili zilikuwa pale kwa mkono wangu, maana kila niliyoibandika niliiandika pia. Anwani za tano hadi nane sikuwa nazo. Nilikuwa nimekaa karibu saa mbili na nusu, mikono mapajani, nikiangalia namba zikipanda, na kwa dakika tano tu za muda ule ningeweza kuzinakili zote nne kwenye daftari. Zile video labda bado zilikuwa kwenye ile nyumba nyingine, lakini njia ya kwenda huko nilikuwa sina tena: ukurasa wa Jumatano nilishaufuta kwenye flashi kupisha video, yale maandishi ya nyuma nilishayafunga, wala kijana hakuweza kuikisia.

Nilitembea nyumbani nikiwa nimeishika flashi ndani ya ngumi. Niliomba msamaha kwa Mungu na sikujua vizuri ni kwa kosa gani.

Mume wangu alikuwa amekaa dirishani. Hakusimama. Nilichomeka flashi nikasema yote palepale, sikutaka afurahi kwanza halafu nimvunje. "Nina la kwanza mpaka la nne. Nina la tisa mpaka mwisho. La tano, la sita, la saba na la nane nimeyapoteza. Nisamehe, mzee."

Alitazama kioo cha kompyuta, somo la tisa likiwa limefunguka, mtaalamu amefungua mdomo. Nilidhani ataanza. Badala yake akabofya kusimamisha. Akachukua daftari langu, akafungua ukurasa mtupu, na kwa mkono ule uliorudi akaandika namba tano. Akanigusa kifuani kwa kalamu: andika.

Kisha akaanza. Alijaza mashavu hewa, akaihamisha kushoto, kulia, akaiachia kwa kishindo kidogo. Mara sita. Akainua vidole sita nisije nikakosea. Akakunja ulimi kugusa meno ya juu. Alikuwa ameyafanya yale masomo wiki baada ya wiki kwenye kile chumba kidogo, na yalikuwa yote mdomoni mwake, hatua kwa hatua. Niliandika mbio. Tulipofika la saba alinionyesha namna ya kuzungusha ulimi nyuma ya midomo iliyofungwa, na mimi, ili niandike sawasawa, nikajaribu.

Akatikisa kichwa. Nikajaribu tena. Akanitazama kama alivyokuwa akimtazama mwanafunzi wake wa kunyoa aliyemkata mteja sikio, na uso wake wote ukafanya kazi, shavu, kidevu, shingo.

"Si," alisema. Akavuta pumzi. "Si hi-vyo."

Kalamu ilinianguka. Hakunipa nafasi ya kusema neno. Aliniokotea, akanirudishia, akaunyooshea kidole mdomo wangu, akasubiri nirudie.